Masale ya Darasa la Tatu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, nilikuwa juu ya ngazi ndani ya darasa la tatu. Nilikuwa nimemaliza kuandika neno MARUFUKU kwa rangi nyekundu ya mafuta, nikasimama kidogo kungoja mkono upumzike. Hapo ndipo msichana wa dawati la dirishani alipotoka, akaweka jani bichi refu juu ya meza ya mwalimu, akasimama mbele yake mikono ikiwa nyuma.

Mwalimu alilitazama lile jani. Akalishika kwa vidole viwili, akalitia kwenye kapu la taka.

Darasa zima lilinyamaza. Nimeandika kwenye kuta za shule nyingi, kuanzia Kahe kule chini kwenye mashamba ya umwagiliaji hadi Kilema, na kimya cha watoto wanaoogopa kupigwa nakijua. Hiki hakikuwa hicho. Kilifanana na kile cha kanisani sadaka inapomwagika sakafuni.

"Madam amelitupa," mmoja akanong'ona.

"Amelitupa sale!"

"Nyamaza, na wewe!"

Msichana mwenyewe alilikodolea macho lile kapu. Mdomo wake ulianza kutetemeka, na mwalimu akawa anatugeukia mmoja mmoja, watoto na mimi, akijaribu kujua amefanya nini.

Nieleze kwanza nilikuwa nafanya nini pale. Kazi yangu ni kuandika mabango na kuta. Nina kibanda mjini Moshi, na shule niliishia darasa la saba. Herufi nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya magunia ya unga na vibao vya maduka, huku nikipima kwa rula, mpaka nikaelewa kwamba A na V zikikaa jirani hazitaki nafasi sawa na N na H. Mwalimu mkuu wa shule hii, iliyoko juu upande wa Mwika katikati ya vihamba, yale mashamba ya kuzunguka nyumba yenye migomba na kahawa, alikuwa amenipa karatasi yenye kanuni kumi za darasa. Kila moja ilianza na neno Marufuku. Tulipatana shilingi elfu sita kwa mstari. Nilikuwa nimepiga mistari yote kumi kwa uzi wa chaki kwenye ukuta wa pembeni, na sasa nilikuwa kwenye neno la kwanza la mstari wa kwanza.

Nikashuka kwenye ngazi. Si kawaida yangu kuingilia kazi ya mwenye darasa, lakini nilimwona yule mwalimu kijana hana wa kumwambia. Nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, samahani. Jani hilo ni sale. Ni mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba. Huku kwetu mtu akikukosea, akakuletea jani lake, anaomba msamaha. Na akishalileta, humkatalii."

"Humkatalii kabisa?"

"Kabisa. Hata kama alikuchomea nyumba, utakaa naye mzungumze. Kulitupa hakuna anayethubutu."

Akashika kichwa. "Mungu wangu. Mimi nimeona ni uchafu."

Alitoka Lindi, na hiki kilikuwa kituo chake cha kwanza cha kazi. Alipiga magoti pale pale kwenye kapu, akalitoa jani kati ya vumbi la chaki na maganda ya penseli, akalifuta kwa kitenge alichojifunga juu ya sketi. Akarudi mezani akiwa amelishika kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu. Sikujua. Umenikosea nini?"

"Jana ulipoenda ofisini nilipanda juu ya dawati, nikakuigiza, Madam."

"Ukaniigizaje?"

"Kidogo tu."

"Hebu niigize nione."

Msichana akatazama wenzake, akapata moyo. Akaweka mkono mmoja kiunoni, akanyoosha shingo, akatembea hatua ndefu za polepole kutoka mezani hadi ubaoni kama anayekwepa matope, akageuka ghafla na kupandisha unyusi mmoja. Alikuwa yeye mtupu. Mwalimu alijizuia kwa muda mfupi sana, kisha akacheka hadi akakaa, na watoto wakapiga madawati kwa furaha.

"Nimekusamehe," alisema alipopata pumzi. "Ila huo unyusi, nyumbani kwetu ni mama anayefanya hivyo."

Jioni ile niliondoka nikiwa na kazi ndogo sana mkononi, kwa sababu wakati wa chai mwalimu aliniomba nisiendelee na mstari wa kwanza. Alinieleza habari yote tukiwa tumekaa kwenye ngazi za veranda na vikombe vyetu. Alipofika shuleni alimwomba mwalimu mkuu amruhusu kufundisha bila fimbo. Mwalimu mkuu, mtu mpole ila mwenye mazoea yake, hakukataa. Alichukua ile fimbo ya mti wa kahawa iliyokuwa ya darasa la tatu, akaiweka juu ya kabati ofisini kwake, akasema: "Nakupa mpaka siku ya kikao cha wazazi. Nitaingia nao darasani kwako. Wakikuta darasa limetulia, fimbo itabaki hapo juu. Wakikuta soko, inarudi, na hutaniomba tena."

"Na watoto wanajua?" nikamuuliza.

"Wanajua wote. Wanaitazama kila wakipita kwenye dirisha la ofisi." Akazungusha chai yake. "Fundi, mimi nilipigwa sana shuleni. Hesabu niliipenda nilipofika chuo tu, ambako hakuna aliyenipiga. Sitaki kuishika hiyo fimbo. Ila kikao ni baada ya wiki mbili, na hawa watoto hawanyamazi."

Kisha akasema kanuni kumi za Marufuku zisiandikwe kwanza. Alitaka watoto watunge zao, na atamwonyesha mwalimu mkuu. Nikafuta neno langu jekundu kwa tambara na petroli. Halikutoka lote, ukiangalia vizuri mpaka leo utaliona, limepauka kama waridi.

Niliporudi Alhamisi kupaka fremu ya kuzungushia kanuni mpya, nilikuta meza ya mwalimu imejaa majani ya sale.

Hakuna aliyewafundisha watoto kufanya hivyo, na hakukuwa na haja. Walikuwa wamegundua kwamba Madam husamehe, na wao kama wenyeji walijua kwamba hana njia ya kukataa. Aliyempiga mwenzake rula alileta jani. Aliyechelewa alileta jani. Wawili walioongea somo zima walileta jani moja wakilishika kila mmoja ncha yake, wakieleza kwamba kosa lilikuwa la ushirika. Nilipokuwa naweka ngazi nilimsikia mwalimu akimuuliza mvulana mnene aliyesimama mbele yake akitabasamu:

"Na hili la nini?"

"La kesho, Madam."

"Kesho utafanya nini?"

"Sijajua bado."

Kelele ilikuwa ya soko kweli. Mwalimu mkuu alifika mlangoni, akatazama, akatazama na saa yake ya mkononi, akasema tu, "Madam, siku zinakwenda," akaondoka. Yule mwalimu alibaki ameshika ukingo wa meza. Nilikuwa nimekusudia kusema jambo la kumtia moyo, lakini kabla sijalipata, nje ya dirisha ilitokea sauti ya kike iliyozoea kuita ng'ombe.

"Nani anayekula mpaka wangu?"

Alikuwa bibi jirani wa shule. Kihamba chake kinapakana na uwanja, na kati yake na shule kulikuwa na mstari wa masale mazuri, mapana, aliyoyapanda mumewe enzi za uhai wake. Sasa mstari ule, kama tulivyoona wote tulipochungulia, ulikuwa vijiti vitupu vyenye kishungi kidogo juu, kama kuku walionyonyolewa.

"Shikamoo bibi," darasa lote likasema kwa pamoja, kwa adabu kubwa mno.

"Marahaba. Msinisalimie vizuri. Ng'ombe wangu wako zizini wamefungwa, kwa hiyo si wao. Mbuzi sina. Nauliza, ni nani?"

Bibi akaingiza kichwa dirishani, akaona meza.

"Ahaa! Ndiyo hayo! Mwalimu, unafungua duka?"

"Bibi, shikamoo. Wananiomba msamaha."

"Msamaha wa nini wote huu? Wameua?" Akatugeukia. "Marehemu mume wangu tangu anioe mpaka anazikwa aliniletea sale mara moja. Mara moja! Na nilijua siku hiyo kwamba amefanya jambo. Ninyi mnaleta kama mnalisha sungura!"

Watoto walijaribu kuvumilia, wakashindwa. Kicheko kilianzia kwa mvulana mnene kikasambaa. Bibi naye, nilimwona, alifinya midomo ili asicheke.

Mwalimu hakucheka. Aliokota jani moja, akaligeuza, akauliza taratibu, kama mtu anayefundisha kitu anachojifunza papo hapo:

"Kwa hiyo mtu akiiba jani kwa bibi ili aniombe mimi msamaha, nani anamwomba bibi?"

Wakatazamana.

"Kwa jani lipi?" akaendelea.

Nilisahau brashi mkononi, na tone la rangi likadondokea kiatu changu. Msichana wa dirishani aliinua mkono, kisha akaushusha, kisha akauinua tena.

"Madam, itabidi tupande."

"Tupande nini?"

"Masale. Kila mtu lake. Ukitaka jani, ulitoe kwenye lako mwenyewe."

"Litachelewa kuchipua!" akalalamika yule mnene. "Mimi je, na kesho?"

"Sasa kesho si utulie?" msichana akamjibu. "Kwani ni lazima?"

Bibi alipiga paja lake kwa kiganja. "Huyo nani? Huyo mpeni maziwa!"

Ijumaa mchana walipanda. Bibi mwenyewe alikata vipande vya shina kutoka nyuma ya nyumba yake, kwa sababu sale huota kwa kipande cha shina kilichochomekwa ardhini tu, likipata mvua. Alikuwa mkali wa mistari kama mimi. Aliwafokea waliopindisha, akawafundisha kushindilia udongo kwa kisigino, na kila mtoto akajua kijiti chake ni kipi kwa kukihesabu kutoka kwenye bomba la maji. Mwalimu alipanda cha kwake mwishoni, matope yakamfika kwenye vifundo vya miguu, na yule msichana akamwigiza anavyoyakwepa mbele ya macho yake, naye akamrushia donge la udongo.

Jumatatu nilikuta darasa lingine. Nisitie chumvi: hawakuwa malaika. Lakini hakuna aliyekuwa na jani. Kila mmoja alikuwa na kijiti kikavu uwanjani kisichotoa hata ncha ya kijani, na kosa lililokuwa rahisi Alhamisi sasa lilihitaji kufikiriwa. Nikiwa juu ya ngazi niliwasikia wakionyana wenyewe kwa wenyewe. "We, tulia, lako halijachipua." "Nirudishie kalamu, ama unalo sale?" Mvulana mnene alienda uwanjani kila mapumziko kukichungulia kijiti chake, akarudi akitikisa kichwa, akakaa vizuri.

Kanuni zilitungwa wiki hiyo hiyo kwa mabishano makubwa, nami nikaziandika jinsi zilivyokubaliwa. Walianza na nyingi kuliko za mwalimu mkuu, wakawa wanazikata. Ile ya kutokimbia darasani waliiondoa baada ya mmoja kuuliza kama kuna mtu amewahi kupata nafasi ya kukimbia kati ya madawati yale. Zilibaki tano. Anayeongea ni mmoja, wengine tunasikiliza. Anayepiga kelele anasimama mlangoni mpaka atulie, na hapo wakadai kuongezwa maneno hata akiwa mkubwa, kwa sababu walimu wa madarasa mengine walikuwa na tabia ya kuja dirishani kupiga soga na Madam wakati wa hesabu. Kitu cha mwenzako omba. Ukikosea, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Na ya mwisho, ambayo ilinilazimu kupunguza ukubwa wa herufi ili ienee: Sale la msamaha litoke kwenye mche uliopanda mwenyewe.

Siku ya kikao nilikuwa na haki ya kutokuwepo, kwani kazi ilikuwa imekwisha. Nilipanda mlimani hata hivyo, nikajiambia nakwenda kuangalia kama rangi imekauka.

Wazazi waliingia na kujipanga nyuma na pembeni, kofia mikononi, watoto wachanga migongoni. Bibi jirani alikuja pia. Hakualikwa, akasimama nje ya dirisha viwiko vikiwa juu ya kizingiti kama kawaida yake. Darasa lilisimama, likasalimu, likakaa. Mwalimu kijana alikuwa amesimama karibu na ubao, mikono ameificha nyuma, lakini mimi nilikuwa upande ule na niliiona inavyofinyangana. Mwalimu mkuu alitazama kila dawati. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegeuka.

"Nani atatusomea kanuni zenu?"

Msichana wa dirishani alisimama. Alisoma ya kwanza kwa sauti safi. Akaanza ya pili: "Anayepiga kelele anasimama mlangoni mpaka atulie, hata akiwa mkubwa."

Hapo simu ya mwalimu mkuu ikalia.

Haikulia kidogo. Ilikuwa na kwaya nzima ndani yake, sauti zote nne na kinanda, na ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lililofungwa vifungo vyote. Alihangaika na kifungo cha kwanza. Kwaya ikaingia kiitikio.

Nilimtazama mwalimu kijana. Alikuwa amefumba macho. Kicheko kimoja tu cha mtoto kingetosha, na darasa lingekuwa soko mbele ya wazazi. Watoto walikuwa wamejaza hewa mashavuni kama wapiga tarumbeta. Yule mnene alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yanamtiririka. Lakini aliyekuwa anaongea ni mmoja, na huyo mmoja alikuwa bado amesimama. Alingoja mwalimu mkuu aizime ile simu. Kisha, kwa heshima yote aliyofundishwa kwao, akasema:

"Mwalimu mkuu, shikamoo. Mlango ni ule pale."

Mzazi mmoja nyuma alikohoa kwa namna ya mtu aliyepaliwa. Mwalimu mkuu aliusoma ukuta, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, mpaka kwenye neno mkubwa. Akaniangalia mimi, kana kwamba ningeweza kulifuta. Kisha akatembea hadi mlangoni, akasimama pale, mikono pembeni, mbele ya wazazi wote. Baada ya muda akatoweka nje. Tukasikia viatu vyake kwenye changarawe. Aliporudi alikuwa ameshika jani la sale, akaja nalo moja kwa moja hadi mbele ya msichana.

"Naomba msamaha wa darasa la tatu."

Msichana hakulipokea mara moja. Aliliangalia, akaonekana anataabika kweli.

"Mwalimu mkuu, samahani. Umelitoa wapi?"

"Kwangu!" bibi akapaza sauti dirishani. "Nimemwona kwa macho yangu! Lilikuwa limebaki moja zuri, na kalichuma yeye! Mwalimu mkuu, hata wewe!"

Wazazi waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika barabara kuu. Baba mmoja aliegemea ukuta wangu, na kweli rangi ilikuwa imekauka. Mama mmoja alisema, "Jamani, wenye kelele ni sisi, tupelekeni mlangoni!" Na katikati ya ghasia ile darasa la tatu lilikuwa limekaa, mabega yanatikisika, midomo imezibwa, hakuna sauti hata moja iliyotoka kwenye madawati. Mwalimu mkuu aliwaona. Aliwatazama wazazi, akawatazama watoto, akamgeukia mwalimu kijana.

"Madam," alisema, "niambie pa kupanda."

Tulikwenda wote. Mstari wa masale ulikuwa umeanza kutoa vichipukizi vya kijani hapa na pale. Kijiti cha yule mnene bado, akamwonyesha mama yake kwa masikitiko. Bibi alikuwa na kipande cha shina tayari, lakini alitaka mstari unyooke mpaka mwisho, akadai uzi na kigingi cha kuufungia. Uzi nilikuwa nao. Kigingi hakikuwepo. Mwalimu mkuu akaenda ofisini, akarudi na fimbo ya juu ya kabati, akaichomeka ardhini mwisho wa mstari kwa mguu, akafunga uzi. Mwalimu kijana alimtazama akiisukuma mpaka ikazama nusu, akageuka upande wa mlima kujifuta uso. Msichana wa dirishani, ambaye mwishowe alikuwa amelipokea lile jani la mwalimu mkuu, alimpelekea bibi. Bibi akalipokea.

Baadaye, ofisini, mwalimu mkuu alitoa bahasha ya kamati ya shule. Magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo.

"Fundi, tulipatana mistari kumi."

"Nimeandika mitano, mwalimu."

"Na ile mitano mingine uliyoipiga chaki?"

Nikamwambia chaki inafutika kwa kitambaa kikavu, akitaka naweza kuirudia niandike kanuni zake. Alifikiri, akachungulia nje, ambako darasa la tatu lilikuwa linamfundisha mmoja wa wazazi jinsi ya kushindilia kwa kisigino. Akahesabu noti zangu, akazirudisha zilizobaki kwenye bahasha, na juu yake akaandika kwa mkono wake kiasi ambacho shule imeokoa: shilingi elfu thelathini.